Mshahara wa saa za kunyonyesha ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nimeajiriwa kwenye duka la jumla Kariakoo, nina mtoto wa miezi mitano. Tangu nitoke likizo ya uzazi, bosi ameniruhusu kuondoka saa tisa badala ya saa kumi na moja nikamnyonyeshe. Wenzangu wanasema saa hizo mbili nakula mshahara nisioufanyia kazi. Naogopa kumlisha mwanangu haramu. Mume wangu naye anasema bora niache kazi.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, mshahara wako ni halali, usiutilie shaka.

Mwanzoni mwa Suratul Maida Mola ametuamrisha kutimiza mikataba. Na mkataba wa ajira Tanzania unafungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayompa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua mapacha, kisha muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Basi hujala cha mtu. Qur'ani nayo, katika aya ya 233 ya Suratul Baqara, inasema mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe. Kusimama kaunta maziwa yamelowesha nguo hadi kwenye baibui, na mtoto analia nyumbani, kama hiyo si taabu, taabu ni ipi?

Ila saa hizo ni za mtoto. Ukizipitisha sokoni au kwa shoga, umekhini amana, na hapo wenzako wana haki ya kunung'unika. Foleni ya njiani haihesabiwi kuwa khiyana.

Kuhusu kuacha kazi, shaurianeni. Matumizi ya nyumba ni juu ya mumeo, kwa hiyo akitaka uache, abebe mzigo wote. Lakini nina neno naye. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia ahali zake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Ameipokea Bukhari. Sheria inampa baba likizo ya siku 3 tu mtoto akizaliwa, nami naziona chache mno, lakini jioni zote ni zake. Kumwogesha mtoto, kufua nepi, kuinjika chungu wewe ukinyonyesha, hakumpunguzii uanaume wake hata chembe.

Mwambie anione msikitini baada ya isha. Simwiti kumsuta, tuzungumze tu kama baba na mwanawe.

Wallahu a'lam.