Kwenda Dodoma au kubaki Dar: mapenzi ya Mungu ni yapi?

Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, mke wangu alikuwa mtumishi wa wizara na tulikuwa tunaishi Kimara. Barua ya uhamisho ilipofika, tukabaki tunaulizana: Mungu anataka twende wote, au mmoja abaki? Mpendwa mmoja wa kanisani akatuambia ameonyeshwa tusitoke Dar. Mwingine akaja na ujumbe kwamba baraka zetu ziko Dodoma. Na wote wawili walikuwa wamefunga!

Siwadharau. Paulo anasema tusitweze unabii, ila papo hapo anaongeza: “jaribuni mambo yote” (1 Wathesalonike 5:20-21).

Tulichoshika ni Kumbukumbu la Torati 29:29. Wengi hunukuu kwamba mambo ya siri ni ya Bwana na yaliyofunuliwa ni yetu, wakaishia hapo. Musa anamalizia: “ili tuyafanye maneno yote ya sheria hii.” Basi tukaacha kuomba ishara, tukaanza kuhesabu yaliyokwisha kuamriwa yanatudai nini. Waheshimu baba na mama: mama yangu alikuwa Temeke, kisukari kimemchosha, na wa kumpeleka kliniki ni mimi. Wanandoa wasinyimane, isipokuwa wamepatana kwa muda (1 Wakorintho 7:5). Msiwiwe na mtu: tulikuwa na mkopo wa SACCOS.

Ukiyaweka hayo mezani, njia nyingi zinajifunga zenyewe. Mke akatangulia, mimi nikabaki na mama, tukapatana muda, na mwisho wa wiki mmoja wetu anapanda basi. Nauli ilituumiza kwelikweli. Kama hiyo ndiyo njia Mungu aliyokuwa ameificha, sijui hadi leo, na sioni mahali Biblia inaponidai nijue.

Mtazame Yosefu. Nyumbani kwa Potifa hakujua kwamba gereza liko mbele yake, wala kwamba gereza hilo litamfikisha kwa Farao. Mke wa Potifa alipomtaka alale naye, alijua kwamba mke wa mtu ni mke wa mtu, akakataa. Maana ya safari nzima, kwamba mabaya waliyomkusudia Mungu aliyakusudia kuwa mema, aliisema mbele ya ndugu zake katika Mwanzo 50, baba yao akiwa ameshazikwa.

Nasema haya kwa sababu vijana wengi hapa mjini wanapanga foleni ya maji ya upako ili waambiwe jina la mchumba au tarehe ya viza, huku fundi wa kabati anawadai na kwa mama hawajapiga simu tangu Pasaka. Mlipe fundi kwanza. Kuhusu mchumba, Maandiko yanasema “katika Bwana tu” (1 Wakorintho 7:39). Tabia yake waulize wanaoishi naye, omba hekima kama Yakobo anavyoelekeza, kisha peleka barua ya posa ukisema “Bwana akipenda”. Wakikukataa, hujafanya dhambi.