Nachora picha ila nimekaa nazo ndani, naanzia wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Temeke, nachora, picha zimejaa chini ya kitanda. Naona wenzangu wanaitwa kwenye maonesho na kuchora kuta za mashule, sijui wanapitia mlango gani. Lazima uwe na digrii?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Digrii ya nini tena, Edward Saidi Tingatinga alichora na rangi za baiskeli kwenye hadibodi na leo mtindo mzima unaitwa jina lake. Nenda Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, wapo tangu 2008, wana studio na maonesho, na wafuatilie mtandaoni maana wakiita wasanii kuna tarehe ya mwisho na wengi mnashtuka imeshapita. Picha za kazi zako zipige mchana kivulini, sio usiku na flashi, andika saizi na mwaka.

Ukutani sasa, hapo ndo watu wanaumia. Usishike brashi bila barua ya mwenye ukuta, kama ni shule basi mwalimu mkuu, na serikali ya mtaa wajue, muhuri ugongwe kabisa. Rangi, praima na nauli viwe kwenye bajeti yao, hii ya "utapata jina" hailipi kodi ya chumba jamani. Ukuta wenye chumvi ukwangue kwanza uache ukauke, la sivyo masika ya kwanza tu rangi inabanduka yote.

Sahihi weka chini kulia, na namba ya simu wakikubali, wateja wengi ni wapita njia. Na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kajisajili.