Kwa mnaoanza kupima ubongo wa wagonjwa wa macho ya thairoidi: hayo macho yatawaingiza chaka

Wadogo zangu mliofika huku Uchina kusoma radiolojia, nasikia wawili wenu mmepewa mada ileile niliyopewa mimi, yani mabadiliko ya ubongo yanayoonekana kwenye MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha) kwa watu wenye ugonjwa wa macho wa thairoidi (tezi ya shingoni), wale macho yametoka nje, kope zimevutika juu, wengine wanaona vitu viwili viwili. Ngoja niwaambie nilipoungulia.

Msikimbilie kompyuta kabla hamjauelewa ugonjwa. Kinga ya mwili inachokoza tezi hiyo ya shingoni, na hiyohiyo inaenda kuchokoza nyama za nyuma ya jicho. Misuli inavimba, mafuta yanaongezeka, sasa tundu la jicho ni mfupa halitanuki, kwa hiyo jicho linasukumwa mbele, na kwa wachache neva ya jicho inabanwa mpaka kuona kunafifia. Mtu akikaa miezi na miezi hivo, si ajabu gamba la ubongo la kule kisogoni linaloshughulika na kuona nalo likabadilika, na paper zinazoonyesha hivo zipo, nyingi zimetoka huku huku, ila matokeo yake hayafanani kila mahali.

Mi matokeo yangu ya kwanza yalikuwa mazuri balaa. Kwenye ramani ya kulinganisha makundi, doa jekundu kuuubwa juu kidogo ya macho, sehemu ya mbele ya ubongo, wagonjwa wana grei mata (ile tabaka ya ubongo yenye seli za neva) nyingi kuliko wazima! Nikajiona profesa kabisa, usiku ule nikaanza kuandika utangulizi. Asubuhi supavaiza akaangalia, hakusema kitu, akaniambia tu fungua picha moja moja. Kumbe ile programu ya kuondoa fuvu ili ubaki ubongo mtupu (nilitumia BET, kila mtu anaitumia) huwa inaacha vipande vya jicho hata kwa watu wasio na ugonjwa, sasa kwa hawa ambao nyama zimejaa mpaka zinamwagika, ilikuwa imeacha bonge la msuli na mafuta limeshikana na ubongo, na kompyuta ikalihesabu kama ubongo. Yani ugunduzi wangu ulikuwa msuli wa jicho. Nilirudia wote, mmoja mmoja, kwa mkono, wiki 3.

La pili halionekani kirahisi. Jicho likicheza wakati wa skani linaacha kivuli, na kivuli kinakimbia kufuata mwelekeo wa fezi (mmoja wa mielekeo ambayo mashine inatumia kujua kila nukta ya picha iko wapi, na wewe ndo unauchagua). Ukiuweka mbele-nyuma, ambavyo ndo mashine nyingi zinakuja navyo kwa picha ya T1 (ile ya kuonyesha umbo la ubongo) inayokatwa kwa ubavuni, kivuli cha macho kinapita katikati ya ubongo kuelekea kisogoni. Kisogoni, jamani, kulekule unakotafuta jibu! Na wagonjwa hawa macho yamekauka yanawasumbua, ni shida kuyatuliza. Kulikuwa na mama mmoja alitoka mashineni machozi yanamchuruzika nikadhani amepata hofu ya kubanwa mle ndani, kumbe kope zake hazifungi zikakutana, amelala dakika zote zile jicho liko wazi na upepo wa feni ya mashine unampuliza usoni. Toka siku hiyo nazima feni, naomba nesi awaweke matone ya macho kabla hawajalala, na nambembeleza mgonjwa aelekeze macho sehemu moja. Picha zilibadilika kabisa.

Kuhusu kundi la kulinganisha, usije na watu wasio na ugonjwa wowote peke yao. Homoni ya thairoidi ikipanda inaweza kugusa ubongo yenyewe bila jicho kuhusika, kwa hiyo tafuta na watu wenye ugonjwa wa Graves (huohuo wa kinga kuchokoza tezi) ambao macho yao hayajaguswa, ni shida kuwapata lakini bila wao maswali ya siku ya kuitetea tasnifu yatakumaliza. Afu uliza dawa. Wengi wanachomwa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na kinga) kwenye mshipa, ule mpango uliozoeleka ni gramu 4.5 ndani ya wiki 12, na steroidi nyingi zinaweza kuufanya ubongo uonekane umesinyaa kwa muda. Mi fomu yangu ya kwanza haikuwa na hata mstari wa dawa, nikaanza kuwapigia wagonjwa simu na Kichina changu cha sokoni, aibu tupu.

Umri, jinsia na ukubwa wa fuvu viingizeni kwenye hesabu, hayo mtafundishwa. Na marekebisho ya kupima sehemu nyingi kwa mpigo msiyaruke, maana ukipima maelfu ya nukta chache zitaonekana tofauti kwa bahati tu: mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walionyesha skani ya samaki aliyekufa, bila marekebisho ubongo wa samaki ukaonekana unafanya kazi.

Mwisho wa yote, baada ya kusafisha na kuwatoa waliocheza sana, lile doa langu la mbele lilipotea lote. Likabaki doa jingine la kisogoni, dogo, upande mmoja tu, na hilo ndo nililoandika.