Mbeleko ya Alama: Kwa Mnaokwenda Kufundisha Kiswahili Vyuoni Marekani

Wadogo zangu mnaosubiri viza ili mkafundishe Kiswahili Marekani mwaka huu, mtaelekezwa mambo mengi kabla hamjapanda ndege: makoti ya baridi, akaunti ya benki, namna ya kuandaa andalio la somo. Kuhusu wachezaji, yaani wanafunzi wanaochezea timu za chuo, hamtaambiwa neno. Nimefundisha huko miaka kadhaa, na jambo lililonitesa kuliko baridi ni wachezaji walioletwa darasani kwangu, na alama zao.

Wanaletwa kwa sababu inayoeleweka. Vyuo vingi vya kule vinamtaka mwanafunzi asome lugha ya kigeni kwa mihula miwili, mitatu au minne ndipo ahitimu. Kiswahili kinajulikana kwamba hakina herufi ngeni na kinasomwa kama kilivyoandikwa, basi washauri wa masomo wa idara ya michezo huwaelekeza vijana wao huko wakiamini ni mteremko. Anayeamini hivyo hajafika kwenye ngeli. Kijana huyo naye ana masharti juu ya kichwa chake. Ili aruhusiwe kucheza lazima awe na angalau krediti 12 kila muhula, na katika daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwisho wa mwaka wa tatu, 80 mwisho wa mwaka wa nne. Somo moja likianguka, anaweza kufungiwa kucheza. Ndiyo maana daftari lako la alama, wewe uliyewasili juzi na masanduku mawili, linatazamwa na watu usiowajua.

Kuna kesi moja ambayo kila mwalimu wa Kiswahili anayekwenda kule anapaswa kuijua, kwa sababu lugha yetu imo ndani yake. Ni ya Chuo Kikuu cha North Carolina, pale Chapel Hill. Tangu 1993 hadi 2011, idara iliyofundisha masomo ya Afrika na ya Wamarekani weusi ilikuwa na madarasa hewa. Nayaita hewa kwa maana ileile tunayosema wafanyakazi hewa: yalikuwamo kwenye ratiba na kwenye vyeti vya matokeo, lakini hapakuwa na mwalimu, kipindi wala mahudhurio. Mwanafunzi alitakiwa kuleta insha moja mwisho wa muhula. Insha hizo kwa sehemu kubwa zilisahihishwa na katibu muhtasi wa idara, Deborah Crowder, ambaye hakuwa mhadhiri, naye alitoa alama za juu bila kuchungulia sana kilichoandikwa. Mkuu wa idara, Profesa Julius Nyang'oro, mzaliwa wa Tanzania, aliacha mpango huo uendelee, na katibu huyo alipostaafu mwaka 2009, yeye mwenyewe aliuendeleza kwa kiasi kidogo.

Ripoti ya Kenneth Wainstein, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, ilitoka Oktoba 2014. Ilihesabu wanafunzi zaidi ya 3,100 waliopitia madarasa hayo. Karibu nusu yao walikuwa wanamichezo, katika chuo ambacho wanamichezo ni takriban asilimia 4 tu ya wanafunzi wote. Na humo kulikuwa na Kiswahili. Ngazi ya tatu ya Kiswahili, ambayo mwanafunzi alitakiwa afike akiwa anaweza kusoma na kuzungumza, iligeuzwa kuwa insha ya Kiingereza juu ya utamaduni wa Waswahili. Mtu angeweza kutimiza sharti la lugha ya kigeni bila kutunga sentensi moja ya lugha hiyo. Insha moja ya namna hiyo, ya mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ilifika hadharani mwaka 2011 kupitia kesi aliyofungua mwenyewe akidai arudishwe uwanjani. Mashabiki wa timu hasimu waliisoma mstari kwa mstari wakagundua kwamba sehemu zake zimenakiliwa. Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliona aibu, ingawa sikuwa na uhusiano wowote na chuo hicho. Lugha niliyofundishwa na bibi yangu ilikuwa imetumiwa kama mlango wa nyuma.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu watu wengi wakisimulia kesi hii hupita haraka mahali penye somo. Crowder hakuanza kwa kununuliwa. Ripoti inaeleza kwamba yeye mwenyewe alisoma chuoni hapo, akajiona ametupwa bila msaada, akaapa kuwasaidia wanafunzi wanaohangaika. Alianza kwa huruma. Alipenda pia timu ya kikapu ya chuo, lakini huruma ndiyo iliyofungua mlango. Baada ya hapo kila mtu alibeba kipande chake kidogo: mshauri aliyemwelekeza mchezaji, mkuu wa idara aliyenyamaza, kiongozi aliyeona tarakimu za ajabu asiulize. Mshauri mmoja wa wachezaji wanawake wa kikapu, ambaye alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili, aliulizwa na Crowder kwa barua pepe kama D ingetosha kwa insha isiyo na marejeo, isiyohusiana na somo, na iliyoonekana kuwahi kutumika. Akajibu kwamba D ingetosha, mchezaji hakuhitaji zaidi. Nimeirudia barua hiyo mara nyingi. Mwandishi wake hana hasira wala woga. Ni mtu anayemaliza kazi za siku.

Crowder alipokaribia kustaafu, washauri wa timu ya futiboli walihangaika. Novemba 2009 waliwaonyesha makocha slaidi zilizosema wazi kwamba wachezaji waliwekwa kwenye masomo ambayo hawakulazimika kuhudhuria, kuandika maelezo ya kipindi wala kukaa macho, na kwamba masomo hayo hayapo tena. Muhula huo wastani wa alama wa timu ulishuka hadi 2.121 kati ya 4, wa chini kabisa katika miaka kumi. Mbeleko ilipofunguliwa, kila mtu aliona mtoto hajui kutembea.

Na uwajibikaji? Mwenye kutarajia haki iliyonyooka atavunjika moyo. Nyang'oro alishtakiwa Desemba 2013 kwa kulipwa dola 12,000 za somo la kiangazi ambalo halikufundishwa. Mashtaka yalifutwa 2014 baada ya kukubali kushirikiana na wachunguzi. Bodi ya ithibati iliweka chuo kwenye uangalizi wa mwaka mmoja. NCAA, iliyosubiriwa miaka mingi, iliamua Oktoba 2017 kwamba haiwezi kuadhibu timu, kwa kuwa madarasa hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote, si wachezaji peke yao. Mary Willingham, mtaalamu aliyewasaidia wachezaji wasiojua kusoma vizuri na aliyejitokeza kusema, aliondoka chuoni 2014 baada ya kusakamwa sana. Msiende mkidhani mfumo utawalinda kwa sababu tu mna haki. Wekeni kumbukumbu zenu wenyewe.

Nami nina la kwangu. Halikutokea Chapel Hill, na chuo chenyewe sitakitaja.

Muhula wangu wa pili nilikuwa na kijana wa futiboli, mpole, aliyekaa karibu na mlango ili anyooshe goti lililofanyiwa upasuaji. Alikuja darasani, hilo nampa. Lakini alikuja akiwa amechoka tangu alfajiri ya mazoezi, na wiki za mechi za ugenini Alhamisi na Ijumaa zake zilipotea. Mwisho wa muhula alikuwa na 61. Alihitaji 70. Mshauri wake hakuniomba kitu. Aliniandikia tu kunieleza nyumbani kwao kulivyo na kwamba C ingemwokoa. Usiku ule nilimwongezea alama za ushiriki darasani, nikahesabu na kazi mbili za nyumbani ambazo nilijua hakuziandika yeye, maana zilitumia "ambaye" na "ambazo" kwa usahihi wakati darasani alikuwa bado anasema "kitabu yangu". Nikafika 70. Nililala vizuri, nikijiona nimemtendea wema mtoto wa watu.

Muhula uliofuata alikwenda kwa mwenzangu, Kiswahili cha pili. Wiki ya tatu akaja ofisini kwangu. Aliniuliza inakuwaje wenzake wanajua wapi waseme "changu" na wapi "langu", na yeye hajui, ilhali wote walifaulu darasa moja. Alidhani kichwa chake kina kasoro. Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa la kweli, nikampa. Alinyamaza, akachukua begi lake. Siku chache baadaye aliliacha somo, krediti zake zikashuka chini ya 12, na akafungiwa kucheza vilevile. Kilichobaki kwake ni miezi minne ya kudanganywa na mimi.

Nilikwenda kwa mratibu wa programu yetu nikamweleza niliyoyafanya. Mwaka mzima uliofuata kila alama niliyotoa ilipitiwa na mtu mwingine kabla ya kuingizwa. Ilinichoma, na ilikuwa haki.

Tangu hapo nimejifunza kutofautisha msaada na mbeleko. Kijana akisafiri na timu, mpe mtihani siku nyingine; barua ya safari kutoka idara ya michezo ni halali, na mwalimu anayemnyima mchezaji nafasi hiyo kwa kuchukia michezo anakosea. Mpe saa ya ziada saa moja usiku baada ya mazoezi, hata kama umechoka. Mrudishe kwenye salamu mara kumi. Vyote hivyo ni msaada, navyo vinakugharimu wewe. Ukiona "msaada" unaogharimu ukweli wa daftari peke yake, simama.

Mahudhurio yaandikeni kila kipindi, kwa tarehe, tangu siku ya kwanza. Ukianza wiki ya tano hayana nguvu. Fomu za kubadili alama zisainieni wenyewe na mbaki na nakala. Kule Chapel Hill, uchunguzi wa chuo uliotoka 2012 ulitaja walimu waliosema hawakusaini karatasi za alama zilizokuwa na majina yao. Katikati ya muhula mtaletewa fomu ya maendeleo ya mchezaji. Andikeni alama iliyopo, msiandike "anajitahidi". Fomu hiyo ya wiki ya sita, ikiwa na 48 ndani yake, humwezesha kijana kutafuta msaada mapema, na humfanya mshauri ashindwe kudai mwezi Desemba kwamba hakujua. Kocha akipiga simu moja kwa moja, mwelekeze kwa mratibu wako kwa adabu. Kumbukumbu za mwanafunzi zinalindwa na sheria ya Marekani ya 1974 iitwayo FERPA, na si wewe wa kupima saa hiyo nani ameruhusiwa kuziona.

Zaidi ya yote, wekeni mtihani wa mazungumzo. Insha inaandikwa na yeyote, siku hizi hata na kompyuta. Dakika kumi za kukaa uso kwa uso na mwanafunzi akikueleza habari za nyumbani kwao, hakuna mwalimu wa ziada anayeweza kumfanyia. Mimi huwapa robo ya alama zote kwa mtihani huo.

Kuna mtego mwingine, wa kwetu kabisa. Atakuja mwanariadha kutoka Bonde la Ufa au Arusha, ameandikishwa Kiswahili cha kwanza na mshauri asiyejua kwamba kijana amesoma lugha hiyo shule nzima. Njia ya akina Suleiman Nyambui, mwanariadha wa Tanzania aliyekwenda kukimbilia chuo cha El Paso, Texas, bado inapitiwa na vijana wetu, na wanastahili heshima. Atakuamkia shikamoo mlangoni, na moyo wako utalainika kwa sababu miezi mitatu hujaisikia. Wa kwangu aliniambia, "Mwalimu, niache tu nikae, nitakusaidia kufundisha matamshi." Nilimpenda, na nilimkatalia. Anayejua lugha hupelekwa kwenye mtihani wa kupima kiwango. Vyuo vingi humwondolea sharti la lugha na nafasi yake ya krediti huijaza kwa somo jingine. Alinuna wiki mbili. Akaenda kusoma takwimu, ambayo ilimtoa jasho, na tulikuwa tukikutana Jumamosi kwa chai, tukiongea Kiswahili chetu bila daftari mezani. Mkikutana na wa namna hiyo, wahini mapema, kabla dirisha la kubadili masomo halijafungwa. Kwa kawaida linafungwa wiki ya kwanza au ya pili ya muhula, na baada ya hapo hata nia njema haitamwondoa darasani kwenu.