Jibu: iMessage na FaceTime zimegoma kuwaka baada ya kubadilisha laini

Mkuu, umesema tangu jana iPhone yako inakuandikia tu kwamba inasubiri kuwashwa, na bando unalo la kutosha. Mara nyingi hapo shida si bando, ni salio.

Ukiwasha iMessage (meseji za Apple) au FaceTime (simu za video za Apple) kwa namba ya simu, iPhone hutuma SMS ya kimyakimya kwa Apple ili kuthibitisha namba. Huwezi kuiona kwenye meseji ulizotuma. Mara nyingi inahesabiwa kama SMS ya nje ya nchi, kwa hiyo kifurushi chako cha SMS za ndani hakiisaidii kitu. Weka vocha kidogo ibaki kama salio la kawaida, usiinunulie bando.

Halafu zima huduma zote mbili. Hakikisha tarehe na saa zinajipanga zenyewe (wapo wanaochezea saa kwa ajili ya gemu, kisha wanasahau). Zima simu, iwashe, unganisha Wi-Fi, uanze na iMessage. Kama unatumia laini mbili, angalia umechagua ipi.

Apple wenyewe wanasema kazi hii inaweza kuchukua hadi saa 24, hivyo usizime na kuwasha kila dakika. Una haraka ya kupiga video? Ingia kwa barua pepe ya akaunti yako ya Apple, FaceTime itapiga hata bila namba.

Zikipita saa 24, sasisha iOS (mfumo wa iPhone), kisha waulize watu wa mtandao wako kama laini imefungiwa SMS za kimataifa.