Kutafsiri maandishi ya migogoro ya China kwa Kiingereza: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umesema umesoma China miaka minne, Kichina unakimudu, na sasa umepewa kazi ya kutafsiri kwa Kiingereza maandishi ya wafanyakazi na wanakijiji walioingia kwenye migogoro na mabosi au serikali. Unauliza kama kamusi nzuri na programu ya tafsiri vitatosha. Havitoshi.

Kazi yangu ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa shajara ya kijana wa kiwandani, jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Kulikuwa na sentensi moja ya kawaida kabisa: wenzake wawili "walialikwa kunywa chai". Kwetu chai ni rushwa, nikajua wamepozwa na kitu kidogo, nikaitafsiri kwa mwelekeo huo. Mhariri, mama mmoja mzaliwa wa huko, akanipigia usiku: hao wameitwa na polisi kuhojiwa. Ndiyo maana ya hecha, yaani kunywa chai, katika maandishi ya namna hii. Nilikuwa nimewafanya watu wawili waliotishwa waonekane wamenunuliwa, na zimebaki siku mbili shajara itoke. Inaniuma mpaka leo.

Tangu hapo neno laini ndilo ninaloliogopa zaidi. Mfano tinggong, yaani kusimamisha kazi. Mgomo una neno lake, bagong, lakini haki ya kugoma iliondolewa kwenye katiba ya China mwaka 1982, na wengi wakiandika huchagua tinggong. Ukiweka "mgomo" kila mahali, umemsemesha mtu neno alilolikwepa kwa makusudi. Ukiacha "kusimamisha kazi" peke yake, msomaji wa London atadhani umeme umekatika. Mimi naliacha neno lake, halafu nahakikisha sentensi za jirani hazipotezi kitu: mashine zinafanya kazi, watu wamekaa chini uani, meneja anahesabu vichwa.

Sanbu, kutembea, usiliguse kabisa. Juni 2007 maelfu ya watu wa mji wa Xiamen waliingia barabarani kupinga kiwanda cha kemikali ya paraksilini, wakasema wanatembea tu. Mradi ule ukahamishiwa Zhangzhou, mji wa jirani. Ukiandika "maandamano" peke yake umefuta mbinu yenyewe waliyotumia.

Nongmingong, yaani mtu wa kijijini anayefanya kazi mjini, nalo linasumbua. Kiingereza hukimbilia neno la mhamiaji, na msomaji anaona mpaka na pasipoti. Huyu yuko nchini mwake, ila hukou, usajili wa kaya uliowekwa kisheria mwaka 1958, bado unamhesabu mtu wa kijijini, hata mtoto wake anapata shida kuingia shule ya serikali mjini. Kwa Kiswahili ningesema "amekuja mjini kutafuta", mngemwona mara moja. Kwa Kiingereza naandika mfanyakazi kutoka kijijini, na hukou nalieleza mara moja, mapema.

Programu ya tafsiri yote haya inayapiga pasi, na Kiingereza kinatoka kizuri mno. Hapo ndipo inapodanganya.

Jambo la mwisho, na hili nakusihi ndugu yangu. Maandishi yaliyosomwa na marafiki mia mbili, ukiyatafsiri yanasomwa na dunia, na polisi pia. Muulize mwenyewe kwanza kama anaridhia. Kama hapatikani, toa jina, toa jina la kiwanda, toa namba ya bweni. Yule kijana wa shajara alikuwa ameandika mpaka rangi ya ndoo yake. Alipoombwa ruhusa akajibu ndoo ibaki, bweni litoke.