Maswali na majibu: "Mvua imekatika, nishukuru nini?"

Barua nyingi za safari hii zimegusa shukrani. Nadhani ni majira. Wenye mizabibu kule Hombolo na Mpunguzi, hapa Dodoma, wanavuna, wenye mtama wanatazama juu, na Jumapili wote wanakaa benchi moja.

*Shikamoo mama. Nalima uwele na mtama wilaya ya Chamwino. Tulipanda Desemba, mvua ikakatika mwishoni mwa Januari, mazao yakanyauka kabla ya kutoa masuke. Jumapili tumehubiriwa "shukuruni kwa kila jambo". Watu wakaitika amina, mimi nikanyamaza. Je, nimetenda dhambi?*

Marahaba mwanangu. Pole, pole sana. Hapana, hujatenda dhambi.

Mstari huo ni 1 Wathesalonike 5:18. Kwa Kigiriki alichoandikia Paulo, maneno yale yanasomeka "katika kila jambo". Mdomoni tofauti ni ndogo, ila shambani kwako ni kubwa. Hakuna anayekutaka umwambie Mungu asante kwa sababu uwele umekauka. Unachoombwa ni usiache kuongea naye ukiwa umesimama katikati ya uwele uliokauka, na maongezi hayo yanaruhusiwa kuanza kwa kilio. Zaburi ya 13 inaanza hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau?" Inaishia kwenye wimbo, lakini haikuanzia hapo.

Sisi wa Ugogo njaa hatuisomi vitabuni. Ile ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, wazee waliipa jina lake kabisa: Mtunya. Hawakuipamba. Waliita msiba kwa jina la msiba, na wengi wao hawakuacha kusali.

Fungua sasa Habakuki 3, mstari wa 17 na 18. Mizabibu haina matunda, mashamba hayatoi chakula, zizini hamna kundi. Utadhani nabii alipita kwenu! Anahesabu hasara moja baada ya nyingine mpaka zinaisha, ndipo anasema "walakini nitamfurahia BWANA". Makanisani kwetu tunaipenda hiyo "walakini" kiasi kwamba tunaikimbilia kabla mtu hajamaliza kuhesabu. Wewe hesabu kwanza. Hesabu mbele za Mungu, na hesabu mbele ya jumuiya yako wakusikie, kwa sababu mwenye debe la akiba hawezi kujua kwamba wewe huna kama unaitika amina kwa sauti kama yeye. Shukrani yako itakuja, pengine kwa kitu kidogo sana, jirani aliyekugawia bakuli la unga jioni fulani. Ikija, iseme. Isipokuja wiki hii, Mungu hatakufukuza.

Na ninyi wahubiri, nawaomba kwa heshima: mkiusoma mstari huu mwezi wa njaa, ibada ikiisha msiondoke kabla ya kuuliza nani hana unga nyumbani.

*Nina miaka kumi na minne kwenye ndoa. Mume wangu ni mzee wa kanisa, kila mwisho wa mwezi anapeleka bahasha ya shukrani. Mimi hajawahi kuniambia asante kwa chakula hata siku moja. Nikimuuliza anajibu, "Huo ni wajibu wako." Ni mimi ninayetaka makuu? – Mama wa watoto watatu, Nkuhungu*

Hutaki makuu, dada yangu.

Chukua Warumi 16, sura ambayo wengi huiruka kwa kuwa ni orodha ya majina. Paulo anawataja Priska na Akila na kusema anawashukuru, kwa kuwa walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Anamtaja Mariamu aliyejitaabisha sana. Anamsalimu mama yake Rufo, na kuongeza kwamba huyo ni mama yake pia. Huyu ni mtume! Angeweza kusema wote hao walitimiza wajibu wa Mkristo, angekuwa sahihi, na barua ingekuwa fupi. Badala yake alikaa akataja mtu mmoja mmoja. Wajibu haufuti shukrani. Jua kuchomoza kila asubuhi tumelizoea, na bado tunalishukuria kwenye sala.

Tena wajibu wenyewe tuutazame. Mlenda unaofika mezani kiangazi ulichumwa masika, ukaanikwa, ukatwangwa, ukahifadhiwa. Ule ugali una kuchota maji, kusaga, kuchochea moto. Atakayekula dakika kumi na kunawa bila neno, ameshiba kazi ya siku nyingi. Lugha yetu ilishaliona hilo zamani. Tuna "pole na kazi", salamu inayomwambia mtu kwamba mzigo wake umeonekana. Tuna "asante kwa chakula", na aliyepika hujibu "asante kushukuru", yaani hata kule kushukuru kwako nakupokea kama zawadi. Inasikitisha maneno mazuri hivyo yakibaki kwa wageni tu, na wa nyumbani wakakosa.

Ushauri wangu: usimnunie, wala usilitoe hili mezani mbele ya watoto. Subiri siku ametulia, umwambie wazi kwamba neno lake moja linakupa nguvu ya wiki nzima. Huenda hajui, huenda alikulia nyumba ambayo hakuna aliyemshukuru mwenzake. Na wewe pia, akileta unga, mshukuru watoto wasikie. Simaanishi umtege. Naye anachoka.

Nawe mzee wangu, kama haya yamekufikia: bahasha yako ni njema, endelea nayo. Leo usiku, kabla hujainuka mkekani, mtaje mkeo kwa jina umwambie asante.

*Naendesha bodaboda. Niliponea ajali barabara ya Singida, karibu na Nala. Kanisani wananikumbusha nipeleke sadaka ya shukrani, lakini pikipiki iko gereji na mfuko mtupu. Nikae kwanza nyumbani mpaka nipate?*

Usikae nyumbani, mwanangu. Nenda Jumapili hii hii.

Katika Torati, Mambo ya Walawi 7:15, nyama ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ile ile, isibaki mpaka asubuhi. Fikiria mnyama mzima na jioni moja. Mwenye shukrani hakuwa na njia ila kuita watu waje kula naye. Kwa hiyo tangu zamani kushukuru kulikuwa kukusanya watu kuliko kuhesabiwa ulitoa kiasi gani. Ukiwa na yai, peleka yai. Minada yetu baada ya ibada imeshauza mayai mengi, na yai la mjane hupandishwa bei na watu wanaompenda. Ukiwa huna hata yai, simama useme neno.

Yule mwenye ukoma wa Luka 17 hakuleta kitu mkononi. Walitakaswa kumi, mmoja akarudi, tena Msamaria, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu akimshukuru. Kilichohesabika ni kwamba alirudi. Basi nawe rudi: watafute waliokuokota pale barabarani, na muuguzi aliyekushona, kama unaweza kumpata. Wengi wa watu hao husikia habari ya mgonjwa siku ile tu, kisha hawajui kama alipona au alizikwa.

*Mjomba alinilipia ada kuanzia sekondari hadi chuo kikuu hapa Dodoma. Sasa nina kazi, na kila kikao cha ukoo ananisimanga mbele ya watu: "Fadhila ya punda ni mateke." Nimemshukuru mpaka nimechoka. Nifanyeje?*

Mimi mwenyewe nililelewa kwa ndugu, nayajua masimango. Ugali wake haushuki kooni. Kwa hiyo sikuambii uvumilie tu.

Ila nikuulize: ulimshukuruje? Mara nyingi vijana hutuma pesa kwa simu na "asante mjomba", basi. Mzee anayesimanga huwa na hofu ya kusahauliwa, na anaitoa vibaya. Nenda kwake siku isiyo ya kikao, bila kuitwa. Beba kitu kidogo, kisha umkumbushe mambo yenyewe: ng'ombe aliyeuza, usiku aliokusindikiza stendi, barua aliyokuandikia ulipofeli. Shukrani yenye mambo yake ndani hutuliza kuliko noti.

Akiendelea baada ya hapo, una ruhusa kumwambia kwa adabu, mkiwa wawili, kwamba maneno yale yanakuumiza. Umheshimu siku zote, lakini usitoe pesa kwa kukimbia aibu. Deni la namna hiyo halina mwisho.

Na mjomba, na sisi wote tunaosomesha watoto wa ndugu, turudi kwa wale kumi. Yesu aliuliza, "Wale kenda wa wapi?" Aliumia, naamini. Lakini hatusomi popote kwamba aliwarudishia ukoma wao.

*Nikiomba kabla ya kula kwa mama lishe, watu wananikodolea macho. Niombe kimyakimya? – Fundi ujenzi, Ihumwa*

Vyovyote. Paulo alimshukuru Mungu kwa mkate mbele ya watu 276 ndani ya merikebu iliyokuwa imepigwa na dhoruba siku kumi na nne, na wengine wakachangamka wakala pia (Matendo 27). Wengine huomba macho wazi, kijiko mkononi, na Mungu anawasikia. Sala isiwe ndefu mpaka chakula kipoe. Na ukimaliza, sahani mrudishie mama mwenyewe mkononi, umwambie asante. Aliwasha moto kukiwa bado giza.